Dakta Johnson, Fukara Aliyewapambanulia Waingereza Maneno Yao

Si ajabu mtu apitaye katika mtaa wa Huruma, Eldoret, mji wa bara uliopandishwa cheo ukawa jiji mwezi wa Agosti 2024, akakuta ubao wa duka la madaftari na kalamu umeandikwa "stationary". Wala si Huruma peke yake. Hata Majengo na Kongowea, kwetu Mombasa, mabao ya namna hiyo yapo. Herufi moja tu imekosewa, lakini maana imekwenda mrama: duka lililotaka kutangaza kwamba linauza vyombo vya kuandikia limetangaza kwamba limesimama pale pale, haliendi mbele wala nyuma. Mwenye duka hapotezi mteja kwa hilo. Lakini kijana aliyemaliza shule, anayeandika barua ya kuomba nafasi ya masomo, akamwita mkuu wa chuo "principle" badala ya "principal", huyo barua yake huenda isifike meza ya pili.

Makosa mengine chanzo chake ni lugha yetu wenyewe. Kiswahili chatosheka na neno moja, kuazima, kwa anayetoa na kwa anayepokea. Ndiyo maana mtoto wa Huruma humwambia mwenziwe "borrow me your pen", na mwalimu akakasirika bure. Hata jina la mtaa wenyewe ni mtego. Huruma kwa Kiingereza ni nini? Yupo atakayesema "mercy", yupo atakayesema "pity", na yupo atakayesema "compassion". Ya kwanza ni ya mwenye uwezo wa kuadhibu akasamehe. Ya pili ni masikitiko ya kumwona mwenzio taabuni, na mara nyingine huwa na dharau ndani yake. Ya tatu ni kuumia pamoja naye. Sisi zote tumezitia katika kapu moja, na mtaa tukauita hivyo.

Lakini asidhani mtu kwamba Waingereza walizaliwa wakiyajua haya. Miaka mia tatu iliyopita walikuwa wakiyakoroga maneno yao vibaya kuliko sisi, na kila mtu akiyaendeleza apendavyo. Aliyekaa chini akayachambua, akafanya kazi ambayo hakuna kamusi ya Kiingereza iliyokuja baadaye iliyoweza kuikwepa, alikuwa mtu mgonjwa, nusu kipofu na mwenye madeni. Jina lake ni Samuel Johnson.

Alizaliwa tarehe 18 Septemba 1709 katika mji mdogo wa Lichfield, katikati ya Uingereza. Baba yake, Michael Johnson, alikuwa muuza vitabu, na hapo pana jambo la kumfaa yule mwenye ubao wa Huruma. Zamani za kati, wauza vitabu na karatasi waliokuwa na kibanda cha kudumu waliitwa jina lililotokana na kusimama mahali pamoja, ili watofautishwe na wachuuzi waliozunguka na mizigo yao. Yale maneno mawili yanayotutatiza ni ndugu wa tumbo moja. Moja lilibaki na maana ya kusimama, la pili likaenda na karatasi. Mzee Johnson, hata hivyo, hakutulia kibandani pake. Siku za soko alikuwa akipeleka vitabu vyake miji ya jirani, na mmoja wa miji hiyo ni Uttoxeter.

Mtoto alipatwa na ugonjwa wa matezi ya shingo akiwa mchanga, ukamharibu uso na macho. Waingereza wa siku hizo waliamini kwamba mkono wa mfalme huponya maradhi hayo, basi mwaka wa 1712 mama yake alimpeleka London akaguswa na Malkia Anne. Hakupona. Alikua akawa pandikizi la mtu mwenye makovu, na mwili wake ulikuwa ukitikisika na kujipinda bila ya yeye kutaka, hata wageni waliomwona mara ya kwanza wakamdhania punguani mpaka alipofungua kinywa.

Mwaka wa 1728 aliingia chuo cha Pembroke huko Oxford. Alikaa miezi kumi na mitatu tu, fedha zikamwishia. Husimuliwa kwamba viatu vyake vilikuwa vimetoboka vidole vikachungulia nje, na mtu mmoja mwema akamwekea jozi mpya mlangoni usiku. Johnson alipoviona asubuhi akavitupa kwa hasira. Watu wa pwani wataujua mwenendo huo: maskini jeuri. Alirudi kwao bila shahada, na mwaka wa 1731 baba yake akafa akiwa karibu kufilisika.

Lipo tukio moja la siku hizo ambalo halikumtoka moyoni. Baba yake alikuwa mgonjwa, akamwomba mwanawe aende Uttoxeter akasimamie kibanda cha vitabu siku ya soko. Samuel akakataa kwa kiburi cha kijana aliyesoma. Yapata miaka hamsini baadaye, alipokuwa amekwisha kuwa mtu mashuhuri, alipanda gari la farasi akaenda peke yake mpaka Uttoxeter, akasimama sokoni mahali kilipokuwa kibanda cha baba yake, kichwa wazi, mvua ikimnyeshea na watu wakimtazama. Hakuwa na mtu wa kumwomba radhi. Mzee alikuwa kaburini zamani.

Sasa msomaji wa Lamu na Pate akae vizuri, kwa maana kitabu cha kwanza cha mtu huyu chahusu njia zetu. Mwaka wa 1624 padri wa Kireno, Jerónimo Lobo, alishuka kisiwani Pate akitafuta njia ya kupitia bara kwenda Uhabeshi. Alijaribu upande wa mto Juba, nchi ikamshinda, akarudi Bara Hindi, na mwaka uliofuata akaingia Uhabeshi kwa upande wa Bahari ya Shamu. Habari za safari zake zilipigwa chapa kwa Kifaransa mwaka wa 1728. Mwaka huohuo, kama hati ya kale inavyosema, Bwana Mwengo wa Athumani alikuwa Pate akitunga Utendi wa Tambuka, na Wareno walikuwa wamerejea Ngome ya Mombasa kwa muda wao wa mwisho, kabla ya kufukuzwa mwaka wa 1729. Johnson alikipata kitabu hicho alipokuwa Birmingham hana kazi. Alikitia katika Kiingereza akiwa amelala kitandani, kwa uvivu na kwa ugonjwa wa moyo mzito uliomwandama maisha yake yote, rafiki yake Edmund Hector akiandika alichosomewa. Kilitoka mwaka wa 1735 bila jina lake, naye akalipwa gini tano.

Mwaka huo wa 1735 alioa. Mkewe, Elizabeth Porter, aliyemwita Tetty, alikuwa mjane wa miaka 46, na Johnson alikuwa na miaka 25. Watu walicheka. Johnson alimpenda mpaka kufa kwake na baada ya kufa kwake. Kwa fedha za mkewe alifungua shule kijijini Edial. Wanafunzi hawakuja ila wachache sana, shule ikafa. Mwaka wa 1737 aliondoka na mmoja wa wanafunzi wake, David Garrick, aliyekuja kuwa mchezaji mkubwa wa tamthilia, wakaenda London kutafuta riziki. Miaka tisa Johnson aliandikia magazeti kwa ujira wa kijungu jiko. Zilikuwapo siku alizotembea mitaani usiku kucha na rafiki yake mshairi Richard Savage, kwa kuwa hawakuwa na pa kulala.

Mwezi wa Juni 1746 kundi la wauza vitabu wa London lilitia sahihi mkataba naye: awaandikie kamusi ya Kiingereza kwa paundi 1,575, na katika hizo hizo awalipe wasaidizi wake na anunue karatasi. Wafaransa walikuwa na baraza la wataalamu arubaini, nao walichukua zaidi ya miaka hamsini kumaliza kamusi yao. Johnson aliahidi miaka mitatu. Alichukua karibu tisa.

Alipanga nyumba Gough Square, akaweka makarani sita darini, watano kati yao Waskoti. Yeye alikuwa akisoma vitabu vya mabingwa, Shakespeare, Milton, Dryden na wengineo, akipiga mstari chini ya neno analolitaka na kuandika herufi yake ya kwanza pembeni; makarani wakanakili sentensi nzima juu ya kipande cha karatasi. Mwanzoni walikuwa wakiandika katika madaftari yaliyofungwa, na nafasi waliyoliachia kila neno ikawa haitoshi. Kazi ya miaka mitatu hivi ikalazimika kupangwa upya.

Nini kilichowashinda? Ni jambo hilihili linalowatatiza vijana wa Huruma, ila kwa kinyume. Sisi tunaona maneno mawili tukadhani ni moja. Johnson alikuwa akiona neno moja, akilifungua akakuta ndani mna ishirini. Hakuamini kwamba mtu anaweza kukaa kitini akabuni maana ya neno kutoka kichwani. Alitaka kulishika likiwa kazini, katika sentensi ya mtu aliyelitumia kweli, kisha aulize: je, hapa lafanya kazi ileile lililoifanya pale? Kama sivyo, alilipa maana hiyo nambari yake. Kitenzi "take" peke yake kilifika maana 134. Wapo waliotoa kamusi kabla yake, wengine wakatoa maneno magumu tu na kuyaacha mepesi wakidhani kila mtu ayajua. Johnson aligundua kwamba maneno mepesi ndiyo magumu. Na kila aliyewahi kufundisha Kiingereza atakubali: mwanafunzi hakosei neno refu la kitabuni, hulitazama mara mbili. Hukosea yale madogo anayoyaona kila siku.

Kamusi ilitoka tarehe 15 Aprili 1755, mijaladi miwili mikubwa ya kumwelemea mchukuzi, yenye maneno zaidi ya 42,000 na sentensi za ushahidi zaidi ya laki moja. Bei yake ilikuwa paundi nne na nusu, si fedha za mtu wa kawaida.

Haikuwa kamili, na wanaomsifu kupita kiasi huficha jambo hili. Kiungo cha mguu wa farasi kilicho juu ya ukwato alikiita goti. Mama mmoja alipomuuliza sababu, alijibu kwamba ni ujinga tu, ujinga mtupu. Maendelezo yake nayo hayakwenda sambamba. "Deceit" aliliandika bila herufi ya p, na nduguye "receipt" akaliachia p isiyosomwa, na mpaka leo watoto wa shule katika Afrika ya Mashariki wachapwa alama kwa ajili ya p hiyo. Tena unga na ua hakuvitenganisha. Siku zake neno la unga wa ngano na neno la ua la bustanini liliandikwa namna moja, "flower", kwa sababu asili yake ni moja: unga mzuri ni ua la nafaka, yaani sehemu yake bora. Johnson aliacha hivyo, na "flour" kama tuijuavyo leo haikuthibiti mpaka karne ya kumi na tisa. Basi anayekosea maneno haya mawili leo ana mwenzake mkubwa.

Hapa ndugu zetu wa Mvita wana haki ya kutabasamu. Paa la nyumba na paa wa mwitu huandikwa sawasawa katika Kiswahili Sanifu, lakini mtu wa Mombasa hayachanganyi, kwa kuwa yule wa mwitu humtamka kwa pumzi. Sikio humaliza kazi ambayo kalamu imeiacha. Kiingereza mara nyingi ni kinyume chake: sikio halitofautishi, na kalamu ndiyo inayobeba mzigo wote.

Kulikuwa na bwana mkubwa, Lord Chesterfield, ambaye Johnson alimpelekea mpango wa kamusi mwaka wa 1747 akitumaini kusaidiwa. Alipewa paundi kumi, kisha akasahauliwa. Miaka saba baadaye, kamusi ikiwa karibu kutoka na jina lake limevuma, bwana yule aliandika makala mbili gazetini kuisifu, kana kwamba alikuwa mlezi wake tangu hapo. Mwezi wa Februari 1755 Johnson alimwandikia barua ya adabu kamili na makali kamili, akamweleza kwamba msaada unaomfikia mtu akiwa ameshafika ufukoni si msaada, na kwamba umemkuta akiwa peke yake hana wa kufurahi naye. Hapo alimkusudia Tetty, aliyefariki mwezi wa Machi 1752, miaka mitatu kabla ya kuona kazi ya mumewe ikitoka. Wanachuoni wengi huihesabu barua hiyo kuwa mwisho wa desturi ya mwandishi kwenda kupiga magoti mlangoni kwa tajiri.

Heshima aliipata, fedha hakupata. Mwaka wa 1756 alikamatwa kwa deni la paundi tano na shilingi kumi na nane, akakombolewa na mtunzi wa riwaya Samuel Richardson. Mwezi wa Januari 1759 mama yake alikuwa katika sakarati, na Johnson hakuwa na fedha. Aliandika hadithi jioni za wiki moja ili apate za matibabu na, kama ilivyotokea, za maziko. Ni hadithi ya Rasselas, mwana wa mfalme wa Uhabeshi, anayetoroka kutoka bonde la raha na kwenda mpaka Misri kutafuta maisha yenye furaha, na haipati furaha popote. Ile nchi aliyoisoma kwa padri wa Pate ilimrudia saa ya dhiki.

Mwaka wa 1762 Mfalme George wa Tatu alimpa malipo ya paundi 300 kwa mwaka. Ilikuwa fedheha kidogo, maana katika kamusi yake Johnson alikuwa ameeleza malipo ya namna hiyo kuwa ni ujira wa kibaraka anayeisaliti nchi yake. Alizipokea hata hivyo. Tangu hapo hakufukarika tena. Akawa mtu wa mazungumzo, wa chai isiyohesabika vikombe, na James Boswell aliyekutana naye mwaka wa 1763 akawa akiyaandika yote kwa ajili ya wasifu maarufu uliotoka mwaka wa 1791. Udaktari wa heshima alipewa na vyuo vya Dublin na Oxford, yeye aliyeondoka Oxford kwa kukosa ada.

Siku chache baada ya kufa Tetty, aliletwa nyumbani kwa Johnson mtoto mweusi wa miaka kama kumi, Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaika. Johnson hakuwa na mtoto. Alimlea, akamsomesha katika shule ya Bishop's Stortford, na kijana alipokwenda kuwa baharia akahangaika mpaka akaachiliwa. Utumwa Johnson aliuchukia waziwazi wakati ambapo rafiki zake wengi, Boswell mmojawapo, waliutetea. Katika majlisi moja ya Oxford aliinua gilasi kuwatakia heri watumwa watakaoasi mara nyingine katika visiwa vya Karibi. Na Joseph Knight, Mwafrika aliyedai uhuru wake mahakamani huko Scotland akaupata mwaka wa 1778, hoja mojawapo iliyoandaliwa kwa ajili yake ilitoka kinywani mwa Johnson.

Miaka yake ya mwisho aliipitisha sana nyumbani kwa tajiri wa pombe, Henry Thrale, na mkewe Hester, aliyemtunza kama ndugu. Thrale akafa mwaka wa 1781. Hester alipotaka kuolewa na mwalimu wa muziki, Gabriel Piozzi, Mtaliano, London nzima ilipiga kelele, na Johnson akamwandikia mwaka wa 1784 barua ya ukali usiostahili. Hawakuonana tena. Alikufa tarehe 13 Desemba mwaka huohuo, akazikwa Westminster Abbey.

Bibi Piozzi aliishi na mume wake mgeni, akawa kila siku anamsikia akitumia neno la Kiingereza mahali pa jirani yake. Mwaka wa 1794 alitoa kitabu chake, "British Synonymy", mijaladi miwili ya kuwaeleza wageni tofauti ya maneno yanayofanana maana. Kwa hiyo mmoja wa vitabu vya mwanzo vya kupambanua maneno ya Kiingereza kwa wasiozaliwa nayo ulitoka katika ndoa ileile Johnson aliyoilaani.

Naye Barber, Johnson alimwachia paundi 70 kwa mwaka na sehemu kubwa ya mali yake. Wakubwa wa London walinung'unika, na Sir John Hawkins akayaandika manung'uniko yake kitabuni mwaka wa 1787. Barber alihamia Lichfield, mji wa bwana wake, pamoja na mkewe Mwingereza na watoto wao. Fedha zilimwishia. Basi alifungua shule ndogo katika kijiji cha Burntwood, na kabla hajafa mwaka wa 1801, yule aliyezaliwa mtumwa alikuwa akiwafundisha watoto wa Kiingereza kuyasoma na kuyaendeleza maneno ya lugha yao.